Sura ya Tano: Mrudishie Jiwe Lake

Nge wa Nyanza Kusini huumizwa zaidi na kazi za watu kuliko na chuki yao. Jembe likizama katika udongo mweusi wa Nyatike linaweza kumkata mkia. Jiwe analoligeuza mchimba dhahabu kule Macalder au Osiri humwangukia pale pale alipojibanza. Mashamba ya miwa ya Awendo wakati mwingine huchomwa kabla ya panga kuingia, na nyasi za bonde la Lambwe hushika moto kiangazi kikikaza. Aliyechelewa kujichimbia hutoka hapo na miguu iliyokauka. Wengi wakimkuta katika hali hiyo hummalizia kwa ndara na kuendelea na shughuli zao. Lakini wapo, na aghalabu ni vijana, wanaosita. Wanamwona akijikokota, gando moja linaning'inia, na wanajiuliza kama kuna namna ya kumsaidia. Swali hilo huchekwa sana, na sura hii inakataa kulicheka. Jibu langu ni kwamba ipo namna, ila msaada wenyewe ni mdogo mno kiasi kwamba mwenye huruma atahisi hajafanya kitu: mwondoe juani, mrudishie kivuli cha jiwe au gome, kisha ondoka. Kila hatua inayozidi hapo, ama inamdhuru nge, ama inamhatarisha mtu, na mara nyingi inafanya yote mawili.

Dai hili linategemea mwili wa nge, kwa hiyo tuuangalie mwili huo kwanza. Sisi tumezoea majeraha ya wanyama wenye mifupa. Mbuzi akivunjika mguu tunafunga gango, ng'ombe akipasuka ngozi daktari wa mifugo anashona. Nge hana mfupa wa kuunga wala ngozi ya kushona. Kinachomshikilia ni gamba la nje, ambalo ndilo mifupa yake na ngozi yake kwa pamoja, na juu ya gamba hilo pana utando mwembamba wa nta unaozuia maji ya mwili yasipotee. Ndani yake damu haipiti katika mishipa midogo midogo kama yetu. Moyo, ambao ni mrija mrefu uliolala mgongoni, huisukuma ikaenda kuogesha viungo moja kwa moja. Damu hiyo hubeba hewa kwa madini ya shaba, wala si chuma, ndiyo maana ikitoka nje huonekana na rangi ya samawati hafifu. Anapumua kwa jozi nne za mapafu yaliyopangwa kurasa kurasa, yenye matundu chini ya tumbo. Kwa hiyo nge aliyepasuliwa na jembe anakabiliwa na hatari kubwa mbili: kuvuja, na kukauka. Jua la saa sita mchana juu ya udongo uliolimwa linaweza kumuua upesi kuliko kidonda chenyewe.

Mwili huo huo, hata hivyo, una stahamala ambayo mbuzi wala mtu hana. Nge hutumia nguvu kidogo sana akiwa ametulia. Aina nyingi huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na wapo waliodumu karibu mwaka. Nge mgonjwa, basi, hana haja ya kulishwa ili apone. Damu yake huganda kwenye tundu dogo na gamba hufunga kovu bila ya mkono wa mtu. Ushahidi wa kushangaza zaidi umetoka Amerika Kusini, ambako kuna jamii ya nge wadogo, Ananteris, wanaojikata mkia wenyewe wakishikwa na adui. Watafiti walichapisha habari zao mwaka 2015. Mkia ukikatika huondoka na mwiba wa sumu pamoja na mwisho wa utumbo, kwa kuwa njia ya haja ya nge iko karibu na ncha ya mkia. Kidonda hujifunga kwa kovu ndani ya siku chache. Tangu hapo mnyama huyo hawezi kutoa kinyesi, tumbo linamvimba taratibu, na anakufa. Lakini anakufa baada ya miezi, na katika miezi hiyo anaendelea kuwinda vidudu vidogo, na madume huweza hata kujamiiana. Nge wetu hawajikati mkia kwa hiari, na sidai kwamba aliyekatwa na jembe huko Uriri atapata bahati ya namna hiyo. Ninachodai ni kwamba katika ukoo huu wa wanyama, kazi ya kuziba kidonda imo mwilini tangu zamani mno, na visukuku vinaonyesha kwamba nge wamekuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 430.

Stahamala hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe unaondoa matumaini mengi ya mwokoaji. Buibui mchanga akipoteza mguu huweza kuuotesha tena anapojivua gamba. Kwa nge uwezo huo ni mdogo sana hata utotoni, na akishakomaa anaacha kabisa kujivua gamba. Gamba la utu uzima ndilo atakalokufa nalo. Gando lililokatika limekwenda. Miguu miwili ikipotea kati ya minane, ataishi na sita iliyobaki, na wengi huishi. Tumbo likipasuka hadi matumbo yakaonekana, hakuna daktari yeyote wa Migori, wala wa London, atakayelirudisha. Mtu anayesimama juu ya nge aliyeumia, kwa hiyo, ana makundi mawili makubwa mbele yake: yule atakayepona bila yeye, na yule asiyeponyeka hata akiwa naye. Kati yao pana ukanda mwembamba wa wale ambao kivuli na unyevu vinaweza kuwavusha. Uokoaji wote wa nge unafanyika katika ukanda huo.

Hapa mtu aliyesoma kidogo atanipinga. Huko Ulaya na Marekani wapo wafugaji wa nge na buibui wakubwa, na wafugaji hao huziba vidonda kwa unga laini wa mahindi, kwa mafuta mazito ya kupaka, wengine hata kwa tone la gundi. Na baadhi ya wanyama wao hupona. Ni kweli. Lakini tazama mazingira ya tiba hiyo. Mfugaji anaijua aina ya mnyama wake na nguvu ya sumu yake, ana koleo refu lenye ncha laini, ana chombo chenye joto na unyevu anaoupima, na mnyama akishatibiwa hana pa kwenda wala adui wa kumkimbia. Mkulima wa Ndhiwa aliyeinama juu ya nge wa mwituni hana hata kimoja kati ya hivyo. Ili apake unga lazima amshike, na kumshika nge aliyeumia kwa kijiti au kipande cha sanduku ni kumkandamiza, na ukikandamiza mwili unaovuja unaongeza kuvuja. Gundi ikimwagikia tumboni inaziba matundu ya kupumulia. Na yote haya yanafanywa ili kuharakisha kazi ambayo damu yake ilikwisha kuianza. Ushahidi wa mfugaji unathibitisha kwamba kidonda cha nge huzibika. Hauthibitishi kwamba mpita njia ndiye wa kukiziba.

Wapo pia wanaosema: basi tumweke ndani ya mtungi hadi apate nafuu. Wazo hili lina sura nzuri kuliko yote, na ndilo linaloua kwa ukimya zaidi. Mtungi wa kioo uliowekwa dirishani hugeuka tanuri kabla ya adhuhuri. Ukimwekea pamba iliyolowa maji na kufunga kifuniko, ukungu unaota. Ukimwekea panzi mzima ili ale, panzi mwenye njaa anaweza kumtafuna mwenyeji wake asiyeweza kujitetea. Ukimpa mwenzake amfariji, mmoja wao atakuwa chakula, maana kula wenzao ni jambo la kawaida kwa nge hata wakiwa wazima. Na mwishoni mwa wiki mbili za hofu hiyo, mwokoaji anamwachilia mahali pengine kabisa, mbali na mwanya aliouzoea, katika ardhi ambayo kila ufa mzuri una mwenyewe. Nge wengi hukaa karibu sana na shimo au jiwe lao, wakitoka usiku hatua chache na kurudi. Kumhamisha kilomita moja kwa nia njema ni kumfukuza kwao akiwa mgonjwa.

Kundi moja la wagonjwa linahitaji kusemwa kando, kwa sababu katika kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, lina historia yake. Migori ilipuliziwa dawa ya mbu ukutani mwaka 2017, na Homa Bay ikafuata mwaka 2018, katika vita dhidi ya malaria ambayo huku kando ya ziwa haina likizo. Dawa iliyotumika wakati huo ilikuwa ya jamii ile ile ya Actellic ambayo wakulima wanaijua kwa unga wake wa kuhifadhia mahindi. Sumu ya namna hii huharibu mawasiliano ya neva za wadudu na jamaa zao. Nge anayekutwa sakafuni akitetemeka, mkia ukijikunja na kujikunjua bila mpango, huku hana jeraha lolote la kuonekana, kuna uwezekano mkubwa amegusa sumu. Hapo hakuna kivuli wala tone la maji litakalosaidia. Na asitokee mtu wa kusema kwamba basi upuliziaji ni ukatili kwa wanyama. Kuta hizo zimewakinga watoto na malaria, na nikilazimika kuchagua kati ya mtoto wa Karungu na nge wa Karungu, sihitaji muda wa kufikiri.

Pingamizi la zamani kuliko yote halihusu mwili wa nge bali tabia yake. Kuna kisa kinachosimuliwa kwa namna nyingi duniani, cha mtu mwema anayemtoa nge majini na kuumwa, akamtoa tena na kuumwa tena. Na kingine cha nge aliyebebwa na chura na kumuua katikati ya mto. Kwetu hekima hiyo tumeiweka mgongoni kwa punda, ambaye asante yake ni mateke. Masimulizi haya yote yanamhukumu nge kwa kosa la utovu wa shukrani, na hukumu yenyewe ina kasoro. Nge haoni sura ya mwokoaji. Macho yake ni hafifu. Anaujua ulimwengu kwa mitetemo ya ardhi inayopokewa na nyufa nyembamba sana za miguuni, na kwa vichana viwili vya tumboni vinavyonusa na kupapasa ardhi. Kidole kinachomfunga pande zote, kwa kipimo chake, hakina tofauti na mdomo wa nguchiro. Anauma kwa sababu amebanwa, na angemuuma aliyembana hata kama angekuwa malaika. Mtu mwema wa kisa kile hakukosea kuwa na huruma. Alikosea kutumia vidole. Angetumia jani pana au kata, kisa kingeishia hapo, na watu wa mafumbo wangekosa mfano. Tunao msemo mwingine unaomfaa zaidi nge kuliko ule wa punda, nao ni tenda wema uende zako, na kwa nge hiyo sehemu ya pili ndiyo nusu ya tiba.

Hayo hayafuti hatari. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 na watafiti Chippaux na Goyffon yalisema watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge kila mwaka duniani, na zaidi ya 3,000 hufa. Mzigo mkubwa wa vifo uko Afrika ya Kaskazini, Mashariki ya Kati, India na Amerika ya Kilatini. Nge wengi wa Afrika Mashariki huleta maumivu makali yanayopungua baada ya saa kadhaa au siku moja. Lakini Kenya ina nge wa jamii ya Parabuthus katika maeneo yake makavu, ambao si wa kufanyia mzaha, na mtoto mdogo aliyeumwa na nge yeyote ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Watu husema mwenye magando manene na mkia mwembamba ni mpole, na mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye hatari. Kanuni hiyo ina ukweli wa jumla, lakini si ya kumwekea dau mkono wako. Aliyeumwa aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, aweke kitambaa chenye maji baridi, ameze dawa ya maumivu. Asichanje, asifyonze, asikaze kamba. Lile jiwe jeusi linalobandikwa vidondani katika vijiji vingi ni mfupa uliochomwa, na halinyonyi sumu. Mate yakimtiririka, jasho likamtoka kupita kiasi, misuli ikamchezacheza au pumzi ikawa nzito, safari ya Hospitali ya Rufaa ya Migori au ya Homa Bay isisubiri asubuhi.

Kutokana na hatari hiyo, kanuni ya kivuli na kuondoka ina sharti moja: inahusu nge aliye nje, shambani, machimboni, kando ya njia. Nge aliye ndani ya nyumba, mzima au mgonjwa, hana haki ya ukaazi mbele ya mtoto anayetambaa. Huyo afunikwe kwa gilasi au kopo, kadi ngumu ipenyezwe chini taratibu, kisha apelekwe nje hadi kwenye rundo la mawe lililo mbali na mlango na mbali na choo. Hakuna sehemu ya kazi hiyo inayohitaji kidole. Wanaoogopa kwamba wamebaki wengine wanaweza kukagua usiku kwa tochi ya kukagulia noti bandia, ile iliyo kwa mawakala wengi wa M-Pesa: gamba la nge hung'aa kijani-samawati chini ya mwanga huo, na jambo hili husaidia watafiti kuwahesabu porini vile vile.

Atakuja mwenye dini na swali lenye uzito zaidi. Katika mafundisho ya Kiislamu nge ametajwa pamoja na wanyama wachache waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa, hata na aliye katika ihramu ya hija, na Waislamu wa Kendu Bay wanayajua hayo tangu madrasa. Katika Injili ya Luka wanafunzi wanapewa uwezo wa kukanyaga nyoka na nge. Je, kumfunika nge kwa jiwe si kwenda kinyume? Sioni kuwa hivyo. Ruhusa ya kuua mwenye madhara inatokana na madhara yenyewe, na nge aliyelemaa chini ya jiwe katikati ya shamba hajamdhuru mtu. Maneno ya Luka yanaahidi ulinzi. Hayawaagizi wanafunzi waende kuwatafuta nge wa kukanyaga. Mafundisho yayo hayo ya Kiislamu yanasisitiza kwamba ukiua basi uue vizuri, bila kumtesa kiumbe, na nadhani fundisho hilo linamgusa zaidi yule anayemtupa nge motoni ili watoto wacheke kuliko linavyomgusa anayemrudishia kivuli.

Bado hatujajibu kwa nini mtu ajisumbue hata kwa jiwe moja. Kuna wanyama ambao kuokolewa kwao kuna hesabu iliyo wazi. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe, ndiyo ngome ya mwisho nchini ya korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu nchini Kenya. Korongo mmoja akivunjika mguu, taifa linaumia. Wapo wengine ambao wameokolewa kwa sababu wana jina. Mwaka 1987 chatu aliyeitwa Omieri aliungua katika moto wa nyika huko Nyakach, jirani ya Homa Bay. Wenyeji walimhusisha na mvua na mavuno mema. Nchi nzima ikafuatilia habari zake. Wataalamu wa makumbusho wakamchukua kumtibu, na akafa. Nge hana hesabu ya korongo wala jina la Omieri, na mtu akiniambia kwamba kupona kwa nge mmoja hakubadilishi lolote katika bonde la Lambwe, sina la kumbishia. Ila nasisitiza kwamba nge si mende wa kujazwa tena upesi. Hubeba mimba miezi kadhaa, aina nyingine zaidi ya mwaka, na huishi miaka. Jike lililokomaa ni zao la misimu mingi ya mvua, na kazi yake ya usiku ya kula mende, mchwa na nyenje haifanywi na aliyekufa. Gharama ya kumrudishia jiwe ni sekunde tano. Sijui msaada mwingine wa bei hiyo.

Iko pia hoja ya maumivu, ambayo wengi huikata kwa kusema kwamba nge hahisi kitu. Tusiseme kwa uhakika tusiokuwa nao. Mwaka 1983 watafiti Eisner na Camazine walionyesha kwamba buibui, binamu wa nge, akidungwa mguuni na sumu ya nyuki huuachilia mguu huo, na kwamba vitu vilivyomfanya auachilie ni vile ambavyo kwa binadamu huleta maumivu. Uingereza ilipopitisha sheria ya hisia za wanyama mwaka 2022 iliwaingiza kaa, kamba na pweza. Nge na buibui wakabaki nje. Kubaki nje kwao kunaeleza kiasi cha utafiti uliofanywa zaidi kuliko kunavyowaeleza wao. Kwa hiyo kwa yule aliyepasuka tumbo, au aliyeungua hadi miguu imekakamaa na bado mkia unatikisika, naona ni sawa kumaliza. Pigo moja la jiwe bapa zito, kichwani na kifuani kwa pamoja, kwa haraka. Nge hana shingo, na mfumo wake wa neva umesambaa mwilini. Ndiyo maana kumkata mkia au kumbonyezabonyeza kwa kijiti hakumalizi chochote. Kumwacha huyo siku nzima juani kwa kisingizio cha kutomwingilia ni uvivu.

Na yule wa ukanda wa kati, aliyepoteza mguu au gando na bado anatembea, atakapoachwa chini ya jiwe huenda kuku akampata jioni. Hili nalo hutajwa kama pingamizi: umemwokoa ili aliwe. Naam, huenda. Bundi, nguchiro, nyani na kuku wote humla, na nge aliyeliwa na nguchiro hajapotea bure. Tulichokiondoa ni madhara yetu sisi, yaani jua tulilomwanika nalo na jiwe tulilompokonya. Ndiyo maana ninaona uokoaji mkubwa zaidi wa nge uko kabla ya jeraha, katika desturi ndogo za kazi. Anayeinua jiwe shambani alivute kuelekea kwake, upande wa mbali ufunguke kwanza, na kilichomo kikimbie mbali na miguu yake. Kisha alirudishe lilivyokuwa kama halihitaji. Anayechoma mabaki ya mazao aanze upande mmoja badala ya kuzungusha moto pande zote. Kuta za Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018, zimepangwa kwa mawe bila chokaa wala saruji, na mianya ya namna hiyo ndiyo makao nge wanayoyapenda. Mgeni anayechomoa jiwe ili alipige picha anavunja nyumba mbili kwa mkupuo.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiwaorodheshi tembo na simba pekee kuwa wanyamapori. Tafsiri yake inamfikia kila kiumbe wa asili aliye porini. Waliodhani vidudu havihesabiki walisahihishwa Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilipowatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja watu wanne waliopatikana na sisimizi malkia, wengi wao wakiwa wamefungiwa ndani ya vijichupa tayari kusafirishwa. Nge mkubwa ana wanunuzi katika biashara hiyo hiyo ya wanyama wa kufugwa ndani. Kijana wa Mbita mwenye mitungi mitatu ya nge wagonjwa chini ya kitanda anaweza kuwa na moyo safi kabisa, lakini askari wa KWS, shirika la wanyamapori, ataona mitungi kwanza.

Kesi ngumu kuliko zote ni jike lenye watoto. Nge huzaa watoto hai, mara nyingi makumi kwa mpigo, weupe na laini, na hupanda mgongoni kwa mama mpaka wajivue gamba mara ya kwanza. Kabla ya hapo hawawezi kujitafutia. Mama akiguswa na jembe, watoto hutawanyika, na hapa hata tiba yangu ya jiwe inaweza kuwa mauaji, kwa maana jiwe likirudishwa kwa haraka litawaponda walio chini. Kama mama yuko hai, simama kando upande wa jua ili kivuli chako kimfunike, usiguse kitu, na umpe dakika. Watoto walio karibu humpanda tena wenyewe. Kisha egesha kipande cha gome au bapa la jiwe kwa mlalo, upande mmoja ukiwa juu ya kijiwe kingine, ubaki mwanya wa kidole kimoja chini yake. Kama mama amekufa, watoto hao hawana wa kuwalea, na kuwafunika hakutabadilisha hilo. Watakuwa chakula cha sisimizi kabla ya giza kuingia.